Niliyoyapata Nikiosha Maiti

Fedha imerudi Tanga. Aishiye hapa haambiwi. Bandari imechimbwa, na meli zilizokuwa zikitia nanga mbali huko zikishusha mizigo kwenye matishari sasa zinafunga gatini. Chongoleani, ng'ambo ya pili, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda, njia ya kilomita 1,443. Mashamba ya mihogo ya pembezoni mwa mji yamekatwa viwanja, na kila kiwanja kinataka msingi, ukuta na paa. Mimi na mume wangu tunauza saruji, nondo na mabati pale Ngamiani, kwa hiyo sina sababu ya kuinung'unikia neema hii. Imetusomeshea watoto, imemtibu mama mkwe. Alhamdulillahi.

Ila mji huu umeshaiona fedha ikija na ikiondoka. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Kizazi cha miche hiyo ndicho kilichoenea Pangani, Muheza, Korogwe mpaka kwingine, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha zikaingia kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba yakabadilisha wamiliki, na mengi yakaota vichaka. Wazee wetu walioyaona yote mawili wanaizungumza fedha kwa sauti ya chini kidogo kuliko sisi.

Babu yangu mzaa mama alikuwa manamba. Aliletwa kutoka Kigoma kukata mkonge, kama walivyoletwa maelfu ya vijana wa Kigoma, Songea na nchi jirani, mtu kapewa namba na kibarua chake. Walikuwa wakifa, kwa homa, kwa ajali za korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, kwa uchovu. Mtu amekufa, mama yake yuko mwendo wa siku nyingi na hajui. Babu alikuwa amesoma chuo cha Kurani utotoni, basi akawa ndiye anayewaosha, kuwakafini, yaani kuwavisha sanda, na kuwaswalia. Hakuwa sheikh wala hakulipwa. Nyumbani hadithi yake ilisemwa kwa kifupi tu: "Babu yenu aliwasitiri wasio na watu."

Binti yake mkubwa, dada wa mama yangu, akairithi kazi hiyo kwa upande wa wanawake. Mtaani kwetu, ukisikia kilio, mtu wa kwanza kupita na kapu lake la majani ya mkunazi, karafuu maiti, pamba na kopo la kuchotea ni Mama Mkubwa. Mimi nilikua nikimwona hivyo na nikalichukulia ni jambo lake yeye, kama vile jirani mwingine alivyokuwa fundi wa mikeka.

Mama yangu alifariki alfajiri moja nyumbani, baada ya kuugua muda mrefu. Nilikuwa uani napokea watu, simu zinalia, mtu wa maturubai anauliza afunge wapi, Mama Mkubwa akatoa kichwa mlangoni.

"Njoo ndani."

"Mama Mkubwa, sitoweza."

"Utaweza. Si wewe uliyekuwa ukimwogesha siku zote hizi? Leo ni vilevile, mwanangu, ila leo hatokwambia maji ya moto."

Nikaingia. Tulikuwa wanne, na mlango ukafungwa. Mwili haukuachwa wazi hata mara moja: shuka imefunikwa juu, mkono unapita chini yake ukiwa umefungwa kitambaa. Anaminywa tumbo taratibu ili kinachotaka kutoka kitoke, anasafishwa, kisha anatawadhishwa. Baada ya hapo kichwa, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, maji yenye majani ya mkunazi yaliyopondwa, maji safi, na mara ya mwisho maji yaliyotiwa karafuu maiti. Idadi iwe witiri, isiyogawanyika kwa mbili. Nywele zake, zilizokuwa zimebaki chache na nyeupe, Mama Mkubwa akazifumua, akazichana, akazisuka mikia mitatu akailaza nyuma. Alikuwa akimsuka mdogo wake. Hakulia. Alikuwa akimwambia, "Geuka mama, geuka kidogo," kama mtu anayezungumza na mtoto mwenye usingizi.

Mimi nilipewa kopo. Kazi yangu ilikuwa kumimina pale ninapoonyeshwa. Ilipofika zamu ya kutawadhisha, ndipo kilipotokea kitu ambacho mpaka leo nakitafutia maneno. Viganja, mdomo, pua, uso, mikono mpaka viwikoni, kichwa, masikio, miguu. Ni viungo vilevile ninavyoviosha mimi mwenyewe mara tano kwa siku, kwa mpangilio uleule. Nimeviosha tangu utoto, nimeviosha dukani nyuma ya magunia ya saruji huku nikimwitikia mteja. Sasa navimiminia maji kwa mtu asiyeweza kujimiminia, na mtu huyo ndiye aliyenifundisha kutawadha.

Tangu siku ile udhu wangu si uleule. Nikiosha mkono wa kulia najua kuna mtu atauosha, na mtu huyo huenda sasa hivi yuko shuleni, au hajazaliwa. Sizungumzii hofu. Hofu ilikuwepo usiku wa kwanza, sikulala, nikawasha taa mpaka asubuhi. Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa utulivu, mtu kujua mahali alipo. Nilikuwa nimesikia darsa nyingi juu ya mauti, na aya ya Suratut Takathur naijua kwa moyo, ile isemayo kwamba kutafuta wingi kumewashughulisha watu mpaka wakayafikia makaburi. Kuisikia ni kheri. Lakini mimi ilinifika kupitia mikononi.

Zilipoanuliwa matanga nikamwendea Mama Mkubwa, nikamsalimu, nikamwomba anifundishe. Alinitazama muda. "Una duka," akasema. Nikamwambia mume wangu yupo na vijana wapo. "Simu ikilia usiku?" Nitakuja. "Akiwa amekufa kwa maradhi ya kutisha? Akiwa amekaa siku mbili?" Nikanyamaza. Akasema, "Vizuri umenyamaza. Wale wanaojibu haraka hukimbia."

Kwa nini niliendelea? Watu wa nyumbani huniuliza. Jibu langu ni hili, na nalisema nikiwa mfanyabiashara. Maisha yetu ya sasa kila kitu kina risiti. Hata wema wetu una risiti. Ukienda msibani ukatoa ubani, jina lako linaandikwa kwenye daftari na kiasi chake, ili siku yako urudishiwe. Ukimtunza bibi harusi, kamera inakuona. Hata sadaka siku hizi inapigwa picha, mkono wa mtoaji na mkono wa mpokeaji, na uso wa mpokeaji masikini ya Mungu unaonekana. Siyasemi haya kwa kudharau, maana kusaidiana kwa daftari kumeokoa nyumba nyingi Ngamiani, na mimi mwenyewe jina langu limo. Lakini moyo wa mtu unahitaji mahali pamoja pasipo na hesabu. Maiti hatokulipa. Hatokushukuru. Hatowaambia watu ulimwosha vizuri. Na wewe hutosema, kwa sababu sheria ya kwanza aliyonipa Mama Mkubwa ni kwamba yanayoonekana chumbani hayatoki chumbani. Alama ya mwili, kidonda, umasikini wa nguo za ndani, jambo la ajabu lolote, linafukiwa hapohapo. Mafundisho ya dini yetu yana ahadi kubwa kwa anayemwosha maiti akamsitiri.

Basi ni tendo ambalo limekatwa pande zote mbili: huyu hawezi kulipa, na wewe huwezi kujisifu. Kinachobaki ni wewe na Mola wako. Sijapata mahali pengine palipo wazi hivyo, hata msikitini, ambako wakati mwingine mtu anaswali huku akijua nani kasimama nyuma yake.

Nimeosha mabibi matajiri na wapangaji wa chumba kimoja. Kuna mama mmoja pete ilikataa kutoka, ya dhahabu nzito, tukaitoa kwa sabuni na uzi, mwendo wa taratibu sana, na mabinti zake walikuwa wakilia si kwa ajili ya pete bali kwa sababu hawakuwahi kuuona mkono ule bila hiyo pete. Watu husema kifo kinatusawazisha. Kwenye sanda, ndiyo: mwanamke ana vipande vyake vitano, shuka ya kiunoni, kanzu, ukaya wa kichwani na shuka mbili za kuzungushia, na bafta, kitambaa cheupe cha sanda, ni bafta. Lakini chumbani nimeona kuwa kila mwili una historia yake na hakuna mwili unaofanana na mwingine. Visigino vya aliyebeba maji vinasema. Vidole vya mshonaji vinasema. Fedha haimfuati mtu, lakini kazi aliyoifanya na mapenzi aliyoyatoa vimeandikwa mwilini, na mwoshaji anavisoma vikiwa kurasa za mwisho. Ndiyo maana siwezi kukubali maneno kwamba dunia ni upuuzi mtupu. Kuna hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba maiti hufuatwa na vitatu: watu wake, mali yake na amali zake, viwili hurudi, kimoja hubaki naye. Zamani niliisikia nikafikiria vile viwili vinavyorudi. Siku hizi nakifikiria kile kimoja kinachobaki.

Kitu kinachoniuma ni maziko yetu ya sasa. Neema imefanya mauti yawe kazi ya kukodi watu. Turubai limekodiwa, viti vimekodiwa, wapishi wamekodiwa, kuna spika, kuna mpiga picha, kuna sare, na hitima inazidi harusi kwa biriani. Mwili wenyewe unangoja mochwari mpaka wa nje wafike, wakati tulifundishwa kuharakisha. Sikatazi mtoto kumuaga mzazi wake, nani angethubutu? Nasema tu kwamba nimeona nyumba imejaa watu mia tatu na chumbani tukakosa mtu wa tatu wa kushika shuka.

Siku moja alifika binti kutoka Muscat, mama yake tumeshamlaza kitandani tunamngoja yeye. Alikuwa amekonda kwa kulia. Akanisogelea ukumbini akanitia bahasha mkononi, kwa adabu kabisa, akasema, "Mama, hii ni ya kwako na wenzio, mniwie radhi kama haitoshi." Nikaiona ile bahasha ni nene. Nikamrudishia, nikamwambia, "Weka, mwanangu, italipa deni la mama kama analo. Wewe vua saa, shika kopo." Akasema haijui kazi. Nikamwambia hata mimi nilianza sijui. Alimmiminia mama yake maji toka mwanzo mpaka mwisho, mkono ukitetemeka, na tulipofika kwenye miguu akaomba aioshe mwenyewe. Tukampisha. Tangu hapo hunipigia simu kila mwanzo wa Ramadhani, na hatuzungumzi mengi.

Tuna jirani Mkristo, Mbondei, tumekaa naye ukuta kwa ukuta tangu ujana. Mama yake alipofariki akazikwa kwao Muheza, tulikodi basi dogo wanawake wa mtaa mzima. Sikuingia chumbani, si desturi yao mgeni kuingia. Nilikaa jikoni nikamenya vitunguu na wanawake wa kanisani kwake, na wao wakawa wanaimba kwa sauti ya chini huku wanakoroga. Nilirudi na moyo uleule ninaorudi nao nikitoka kuosha.

Mwaka fulani baada ya Idi, Mama Mkubwa akataka kwenda Tongoni. Ni kilomita kumi na kitu kusini ya mji, barabara ya Pangani. Unapita Machui, alikozikwa mshairi wetu Shaaban Robert mwaka 1962, unashuka kuelekea pwani. Pale kuna msikiti wa mawe ya matumbawe uliobaki kuta na makaburi yapatayo arobaini, mengine yakiwa na nguzo ndefu. Miaka mia tano na zaidi iliyopita watu wa pale walikuwa na uwezo. Walifanya biashara na watu wa ng'ambo, na walipojenga makaburi yao walichomeka mabakuli ya Kichina kwenye nguzo, vyombo vya thamani vilivyovuka bahari nzima, ili anayepita ajue aliyelala hapa alikuwa nani. Mabakuli hayapo tena. Vimebaki vishimo vya duara. Nguzo nyingi zimeanguka.

Mimi nikawaza yale ambayo mtu yeyote angeyawaza pale. Mama Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mti, fimbo mapajani. Akasema, "Hawa nao kuna mtu aliwaosha." Nikamwitikia, abee. Akaendelea, "Tajiri limebaki kaburi lake. Mwoshaji hakubaki hata jiwe. Nani kapata hasara?" Hakungoja nijibu, akaanza kuwasomea Fatiha, wote kwa pamoja, na mimi nikainua mikono.

Nimelifikiria swali lile mara nyingi nikiwa dukani, hasa jioni tunapofunga hesabu. Sikufunga duka. Nataka lieleweke hilo, maana baadhi ya watu wakipata mwamko wa kiroho huona lazima waitupe kazi yao, wakawa mzigo kwa wengine. Saruji ninayouza imejenga nyumba za watu. Kilichobadilika ni mambo ya kushikika. Kwanza nilinunua bafta yangu, nikaikata, nikaiweka kwenye kasha pamoja na karafuu maiti, kama Mama Mkubwa alivyoweka yake ambayo kila Idi huianika. Mume wangu alipoiona alikaa kimya chakula kizima cha usiku. Asubuhi akasema, "Na yangu je?" Jioni ile tukaketi na madaftari. Tukaandika tunachodaiwa: benki, msambazaji wa nondo, fundi aliyetujengea ghala. Tukaandika tunachodai. Deni la marehemu hulipwa kabla mrithi hajagusa kitu, na nimeona kwa macho yangu watoto wakigombana juu ya jeneza kwa sababu baba hakuandika mstari mmoja. Baadhi ya wadaiwa wetu tuliwajua hawana njia ya kulipa. Hao tuliwasamehe, tukawapigia simu tukawaambia, ili wasiendelee kutukwepa njiani.

Tuna fremu nne za kupangisha. Moja tukaiweka wakfu, kwa maandishi na mashahidi, kodi yake inunue sanda, karafuu maiti na mbao za kufunikia mwanandani, lile shimo la ndani ya kaburi anamolazwa maiti, kwa kila anayefia mjini kwetu asiye na mtu. Nilimfikiria babu na manamba wenzake. Wapo bado watu wa namna yao: madereva wa maroli, vibarua wa miradi, wasichana wa kazi za ndani waliotoka bara, wanaofia Tanga na simu zao zimefungwa kwa namba ya siri.

Mama Mkubwa vidole vyake sasa vimepinda kwa baridi yabisi, hawezi kukamua kitambaa. Hukaa kwenye kigoda pembeni na kuelekeza. Kwa hiyo imebidi tufundishe wengine, na Jumapili baada ya alasiri nyumbani kwangu huja mabinti, wengine wanasoma chuo, wengine wameajiriwa. Mmoja hujitolea kulala mkekani na nguo zake, wenzake wakajifunza kumgeuza bila kumfunua.

Maswali yao si ya zamani zetu. Wanauliza juu ya kucha za bandia, rasta, kope za gundi. Ni maswali ya haki, kwa sababu maji lazima yafike kwenye mwili. Rasta zinafumuliwa, na hiyo peke yake inaweza kuchukua saa nzima kwa mikono miwili, basi watu wawe wengi. Kope zinatolewa kwa mafuta, polepole, ngozi ya jicho isichunike. Kucha zinalowekwa kwa dawa ileile ya saluni, na asiyejua kutoa amwite msusi, hakuna aibu. Kuna binti mmoja, ana kazi kwenye ofisi ya mradi, kucha zake ndefu nyekundu, siku ya kwanza aliuliza haya yote kwa niaba ya "rafiki yangu." Mama Mkubwa akamjibu rafiki huyo kwa kirefu na kwa upole. Binti akawa hakosi kuja.

Juzi akauliza lini ataruhusiwa kuingia chumbani. Mama Mkubwa akamwambia aanze na uani: apashe maji, ayaonje kwa kiwiko yasiwe ya moto, aponde mkunazi, na asiulize habari za ndani. Simu ilipolia kabla ya alfajiri, yeye ndiye aliyetangulia kufika, gesi imeshawashwa.